Nyumba Iliyomsikia Wakili

Mama Makochi alikuwa amelala chali chini ya kochi la mteja, misumari midogo mdomoni na nyundo mkononi, akigongomelea kile kitambaa cheusi cha chini ambacho hakuna mteja anayejisumbua kukitazama. Aligonga msumari wa kwanza, akagonga wa pili. Wa tatu ulipoingia, sauti ikatoka chumbani, nyuma ya pazia.

"Huo umepinda."

Ilikuwa sauti ya mumewe, Mzee. Zamani yeye ndiye aliyekuwa fundi na mkewe msaidizi, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka, ikabidi nyundo ihamie kwa mama. Sasa Mzee alikaa kwenye kiti chake karibu na pazia, akivalisha vifungo vya makochi vitambaa, na kutwa nzima alisikiliza. Alidai anaweza kutambua kwa sikio tu msumari ulionyooka na uliopinda. Mara nyingi alikosea. Mama Makochi alijua kwamba anakosea, lakini akiambiwa umepinda, aliung'oa kwa koleo na kupiga mwingine, kwa kuwa hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Mahali penyewe palikuwa duka kwa mbele na nyumba kwa nyuma. Gundi ilikuwa ikionekana jikoni, na sufuria zilikuwa zikionekana dukani zimejaa misumari. Halafu kulikuwa na ule utaratibu wao ambao hawakuwahi kumweleza mtu, kwa sababu hawakudhani unahitaji maelezo. Hakuna kochi lililotoka pale kabla Mzee hajalilalia mchana mmoja. Akiamka bila kushika kiuno, kochi liko tayari. Akiamka anaguna, linafumuliwa upya.

Sasa, mchana mmoja mteja akaja mapema na mkewe kuchukua kochi lao, wakamkuta Mzee amejinyoosha juu yake, hana viatu, redio kifuani, anakoroma. Mteja yule hakutaka kuelewa. Alipandisha sauti, akaishusha, akaipandisha tena, na alipoondoka alikuwa ameshataja mahakama.

Binti yao, aliyekuwa na kazi ya ofisini katika mji mwingine, alisikia habari hizo kwenye simu, akasema, "Mama, tafuteni wataalamu. Biashara ya kubahatisha imeshapitwa na wakati. Baba mnamlaza kwenye mali za watu kweli?"

Mama Makochi hakuwa mbishi. Alitafuta wataalamu, tena akapata watatu, na wote walikuwa watu wazuri. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo lilitokana na adabu. Alimpa kila mmoja siku yake na hakumwambia yeyote kwamba wengine wapo. Aliona kumwambia mhasibu habari za wakili ni sawa na kumwambia mgeni aliye mezani kwamba kuna mgeni mwingine anayengojewa. Kwa hiyo mhasibu akawa wa Jumatatu, wakili wa Jumatano, na mshauri wa biashara wa Ijumaa, na kila mmoja aliamini kwamba ni yeye peke yake anayeibeba biashara ile.

Mhasibu alikuwa binti mwembamba aliyetembea na kikombe chake mwenyewe kwenye mkoba. Vumbi la sponji lilimpa chafya, lakini hakulalamika. Alipiga chafya, akaomba radhi, akaendelea kupekua risiti. Jumatatu ya kwanza aliinua kichwa, akazitazama kuta.

"Mama, nafasi hii ni kubwa kuliko kazi yenu. Punguzeni."

"Wewe ndiye mtaalamu, mwanangu," alisema Mama Makochi, akamwongezea chai.

Jumanne asubuhi duka lilikuwa dogo. Kuta zilikuwa zimesogea ndani kila upande, na cherehani sasa iligusana na rafu ya vitambaa. Mama Makochi alipima kwa shubiri akaona ni kweli. Akalitoa kochi la watu watatu barazani, akafanyia kazi huko, na kwa kuwa hali ya hewa ilikuwa nzuri, siku ilikwenda vizuri.

Ijumaa akaja mshauri wa biashara, kijana mtanashati wa viatu vya kung'aa, aliyependa kuchora mishale. Alichora mishale kwenye kila karatasi aliyopewa, na karatasi zilipokwisha alichora kwenye kipande cha turubai. Alisema duka limebanwa, lipanuliwe, na mlango unaotazama uchochoroni utazame barabara kuu, maana wateja hawawezi kununua wasichokiona.

"Nyinyi ndio mnaojua," alisema Mama Makochi.

Jumamosi alipofungua mlango, lori lilimpita mbele ya pua. Barabara kuu ilikuwa pale ulipokuwa uchochoro, au mlango ulikuwa umezunguka; ilikuwa vigumu kusema. Duka lilikuwa pana kiasi kwamba akikohoa sauti inamrudia. "Haya," alisema, akatoa stuli nje na kuketi. Kabla ya jua kuwa kali, alikuwa ameshapata kazi mbili. Kijana wa mishale hakuwa mjinga hata kidogo.

Basi ikawa hivyo. Jumatatu duka lilipungua na Ijumaa likapanuka. Mama Makochi alizoea. Jumatatu jioni alikusanya vitu katikati ili visibanwe na kuta, na Ijumaa jioni alivisambaza tena. Jambo moja tu lilimkaa moyoni. Tangu alipoingia pale akiwa bibi harusi alikuwa akitamani dirisha upande wa cherehani. Alikuwa ameitamka tamaa hiyo kwa sauti, mbele ya ukuta huohuo, mara nyingi kupita kiasi, na siku zote alidhani kwamba kuta hazisikii. Kumbe zilikuwa zinasikia vizuri tu.

Wakili wa Jumatano alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kufumba macho anapofikiri, hata usijue kama yupo au ameshalala. Alisikiliza kisa cha yule mteja mpaka mwisho. Alicheka kidogo, akajifuta macho, akasema kesi hiyo ataizima kwa barua moja ya heshima.

"Lakini mama, nitakuwa sikutendei haki nisipokueleza ukweli. Nyumba na biashara lazima vitenganishwe. Leo ni kochi, kesho mtu atadai mpaka kitanda mnacholalia."

Ulikuwa ushauri mzuri. Wakili yeyote angeutoa. Nyuma ya pazia Mzee aliacha kuvalisha vifungo, na Mama Makochi akasema lile lake la siku zote, kwamba mtaalamu ni yeye.

Alhamisi asubuhi alifunua pazia aingie kazini, akajikuta barabarani. Nyumba ilikuwa imehamia ng'ambo, ikajipenyeza kati ya duka la dawa na kibanda cha kinyozi. Kinyozi alikuwa ameshasogeza benchi lake ili kuipisha, na sasa alikuwa akinoa wembe.

"Mmehamia huku?" aliuliza kinyozi.

"Tumetenganishwa."

"Afadhali nyie. Ya shemeji yangu ilitenganishwa ikafika nyuma ya kituo cha mafuta."

Mama Makochi alivuka barabara, akafungua duka. Alipiga misumari asubuhi nzima, na mara mbili tatu alijikuta amesimamisha nyundo hewani, anangoja. Sauti haikuja. Palikuwa na barabara katikati, na magari, na redio ya kinyozi. Alipiga misumari yote bila kung'oa hata mmoja, akamaliza mapema kuliko kawaida, na hakufurahi.

Jumatano iliyofuata wakili alisimama mlangoni, akaitazama nyumba kule ng'ambo kwa macho ya kuridhika. "Vizuri sana, mama. Wateja wachache hutekeleza upesi hivi. Ila bado iko karibu. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kusema ni kitu kimoja."

Hapo ndipo Mama Makochi alipotakiwa kusema. Maneno yalimfika kooni, lakini alimwona wakili amekaa, amechoka, ametoka mahakamani bila kula, na bado amekuja. Akayameza, akampa chai. Kesho yake nyumba ilikuwa mwisho kabisa wa mtaa, baada ya tangi la maji, imegeuza mgongo.

Yaliyotokea baada ya hapo yalitokea siku yenye kazi nyingi, na kazi zilikuwa nyingi kwa sababu ya mlango wa barabara kuu. Mama Makochi alikuwa amezoea kwenda nyumbani mchana kumpelekea Mzee chakula. Siku hiyo alijiambia amalizie kochi moja kwanza, na baada ya hilo akaja mteja mwingine, na baada ya mteja kitambaa kikapungua. Jua lilikuwa linashuka kinyozi alipoingia, taulo begani.

"Mama, Mzee anakuita. Nimepita pale kwenda kuchota maji nikamsikia. Jirani anasema anaita tangu asubuhi."

Alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele. Kifungo kilikuwa kimemwanguka, akainama kukiokota, kiti kikateleza. Hakuwa ameumia. Alikuwa na kile kifungo mkononi bado, kimevikwa kitambaa chake vizuri.

"Umeniita muda mrefu?" aliuliza Mama Makochi, akimshika kwapani.

"Niliita kidogo tu." Alipokwisha kuketi kitini akasema, "Nilidhani umenikasirikia."

"Nimekukasirikia nini?"

"Sijui. Ndiyo nilikuwa nafikiria ni kipi."

Mama Makochi aliumia kuliko alivyowahi kuumia kwa nyundo. Hakutaka kulia mbele yake. Alikwenda jikoni, akafungua bomba la maji lipige kelele, akalia huko mpaka ndoo ikafurika. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akarudi katikati ya chumba, akashika kiuno na kusema na nyumba.

"Rudi dukani."

Nyumba ilitulia.

"Rudi, nimesema. Mimi ndiye ninayekufagia."

Mzee alikuwa akisikiliza kwa makini. "Tia 'kwa mujibu wa'," alisema. "Wao husema hivyo."

"Kwa mujibu wa mimi mwenyewe, mwenye nyumba, na mume wangu huyu hapa, nyumba hii irudi ilipokuwa." Aliusema mpaka ule ushauri wa wakili neno kwa neno, lakini kinyume, na kwa sauti nzito ileile ya wakili. Hapakuwa na kilichosogea isipokuwa pazia, na hilo lilisogezwa na upepo. Walikula chakula cha mchana usiku ukiwa umeingia, wakalala.

Asubuhi alipiga moyo konde, akavunja adabu. Aliwapigia simu wote watatu na kuwaita pamoja, siku isiyo ya mtu yeyote.

Walikaa kwenye kochi moja la watu watatu, wakili katikati, mhasibu amejibana na kikombe chake upande mmoja, kijana wa mishale upande wa pili. Mama Makochi alisimama mbele yao akiwa na haya usoni, kama mtu aliyefumaniwa, na akawajulisha kwa majina ya kazi zao. Watatu walitazamana. Hawakukasirika. Mhasibu alionekana amepata nafuu.

"Kumbe ni wewe unayelipanua duka," alimwambia kijana. "Mimi kila Jumatatu nakuta hesabu ya nafasi imebadilika, nikadhani nakosea kujumlisha."

"Na wewe ndiye unayelibana," alisema kijana. "Mishale yangu haikai sawa wiki mbili mfululizo."

Wakaanza kujadiliana, kwa heshima, lakini kila mtu akitetea lake. Mhasibu akisema nafasi ipunguzwe, kuta zinakuja papo hapo, bila kungoja usiku. Kijana akisema ipanuliwe, kuta zinarudi. Mlango ulienda uchochoroni, ukarudi barabarani, ukaenda tena, na mteja aliyekuwa anaingia alilazimika kuufuata kwa kuzunguka jengo. Mama Makochi alishikilia rafu ya vitambaa isimwangukie mtu.

"Jamani," alisema hatimaye, "nyamazeni kidogo."

Walinyamaza, na kuta zikatulia kwa kuwa wao wamenyamaza. Ndipo wakili, aliyekuwa amefumba macho muda wote huo, akayafumbua. Akauliza swali ambalo, kwa haki, lilipaswa kuulizwa Jumatatu ya kwanza kabla ya chai.

"Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Mama Makochi alifungua mdomo aseme kwamba wao ndio wataalamu. Akaufunga. Aliona aibu, kwa sababu jibu lilikuwa dogo sana na watu watatu wasomi walikuwa wameacha shughuli zao kulisikiliza.

"Nataka nikiitwa nisikie," alisema.

Wakili hakucheka. Mhasibu aliweka kikombe chini. Mama Makochi akaona bora amalize, akawaeleza yote: pazia, misumari, usingizi wa mchana juu ya makochi, kifungo sakafuni. Aliwaeleza pia jinsi alivyoiambia nyumba irudi na nyumba isimjali.

"Hapo usijilaumu," alisema mhasibu. "Mimi ndiye niliyejenga ya kwetu, na inamsikiliza kaka yangu tu. Naye hata hakai pale."

"Yangu inamsikia mwenye muhuri," alisema wakili. "Muhuri wangu mwenyewe haiutambui. Humlipa mwenzangu aje aseme." Akakuna kidevu. "Haya. Tufanye kazi ya mama."

Walifanya kazi mpaka chai ya pili ikapoa. Mhasibu alisema safari za kwenda na kurudi mwisho wa mtaa zinakula saa nyingi za fundi, kwa hiyo nyumba ikae karibu, na duka libaki na ukubwa wa katikati. Kijana alikubali ukubwa huo, mradi mlango usihame tena. Akachora mshale kutoka kwa Mzee kwenda kwa wateja, akasema watu watapenda kujua kwamba kila kochi limelaliwa na mzee mwenye mgongo mkorofi. Iandikwe kwenye tangazo, na mteja aambiwe mapema. Wakili ndiye aliyechelewesha. Alitaka kwa moyo wake wote kuirudisha nyumba mahali pake pa zamani, ilionekana usoni, lakini alikuwa mtu wa kazi yake na hakuweza kutamka asichokiamini.

"Lazima kuwe na mwanya, mama. Wa hatua moja, ulio wazi juu. Chini ya hapo nitakuwa nakudanganya."

"Nitasikia?"

"Utasikia hata akinong'ona."

Wakayasema hayo wote watatu kwa pamoja, polepole, ili jengo lisikosee.

Usiku huo nyumba ilirudi, na asubuhi kinyozi alikuwa amelirudisha benchi lake mahali pake pa zamani bila kuambiwa. Mwanya ulikuwa pale, wa hatua moja, anga likionekana juu yake. Mama Makochi alifungua duka akaanza kazi. Hakuwa amefika mbali.

"Mama!" aliita Mzee kutoka ng'ambo ya mwanya.

"Abee!"

"Hakuna kitu," alisema Mzee. "Nilikuwa najaribu."

Aliita mara nyingine nyingi siku hiyo, na kila mara aliitikiwa. Mvua za kwanza zilipofanya tope kwenye mwanya, Mama Makochi alichukua ubao wa fremu ya kochi kuukuu, akautia sponji, akauvika mabaki ya mahameli mekundu, akaulaza pale uwe kivuko. Mzee alipita juu yake bila viatu, ameshika ukuta, na kusema ni laini kuliko njia yoyote aliyowahi kuipita. Yule mteja wa zamani naye alirejea, safari hii ameleta kiti cha mama mkwe wake, na akauliza kwa sauti ya chini kama Mzee ana nafasi ya kukilalia.

Wakili bado huja Jumatano, na mhasibu na kijana huja naye, kwa kuwa wamezoeana. Mambo yanakwenda. Dirisha la upande wa cherehani liko kwenye orodha ya mambo ambayo kijana ameahidi kuyasema akipata nafasi.

Na kila asubuhi, kabla ya kufungua, Mama Makochi husimama juu ya ule ubao, mkono mmoja kwenye ukuta wa nyumba na mwingine kwenye ukuta wa duka, kuta ambazo amezipiga lipu na kuzipaka rangi kwa mikono hiyohiyo, akaziambia kwa upole zisogeleane. Huzipa muda. Kisha hupiga hatua moja, akaingia kazini.